Kutoka Dar hadi Mombasa kwa gari kutembelea mahekalu ya Kihindu: mwongozo kwa kundi la marafiki

Maswali yanayoulizwa ni yaleyale. Asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia? Tuvae nini? Ukipewa kile kitamu mkononi unakula au unakataa? Na gari letu linavukaje mpaka? Majibu nimeyapanga kwa kufuata safari yenyewe, ili anayeanza asihangaike kuuliza huku na huku.

La kwanza nilimalize hapa hapa: ndiyo, unaruhusiwa. Mahekalu mengi ya Kihindu katika pwani yetu humpokea mgeni yeyote aliyekuja kwa adabu, na hutatozwa kiingilio. Makundi mengi hayakwami kwa kukataliwa mlangoni, yanakwama kwa saa. Watu wanaondoka Dar kama wanaokwenda ufukweni, wanafika saa saba mchana, wanakuta pazia limeshushwa, wanapiga picha ukuta na kugeuza gari.

Sababu ni hii. Murti, yaani sanamu ya mungu, iliyokwisha kuwekwa wakfu haichukuliwi kuwa pambo. Waumini huihudumia siku nzima: alfajiri huamshwa kwa nyimbo, huvishwa, huandaliwa chakula, mchana huachwa ipumzike, jioni huimbiwa tena na kuzungushiwa taa, usiku hulazwa. Kwa hiyo mahekalu mengi hufungwa karibu na saa sita mchana na kufunguliwa tena mnamo saa kumi jioni. Safari yote ipangwe kwa kufuata saa hizo. Mkilishika hilo, mengine yote yanarekebishika.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu wanaoelewana, wasiozidi viti vya gari. Watano au sita wanatosha. Kundi la watu kumi na watano linageuka msafara, na ukumbi wa hekalu dogo unajaa wageni kuliko waumini.
- Madereva wawili wenye leseni hai. Safari hii ni zaidi ya kilomita 500 kwenda tu.
- Gari lililokaguliwa: tairi, breki, taa zote, wiper, spea yenye upepo, jeki, pembetatu za kuakisi, mtungi wa kuzimia moto. Trafiki wa njia ya Tanga watauliza hivyo viwili vya mwisho, na wana haki ya kuuliza.
- Pasi ya kusafiria kwa kila mmoja. Asiye nayo aende Uhamiaji kuomba hati ya dharura ya kusafiria, inayotumika katika nchi za Afrika Mashariki. Aende wiki kadhaa kabla ya safari, asisubiri Ijumaa ya mwisho.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Kadi halisi ya gari. Kama gari si la aliye kwenye usukani, awe na barua ya idhini ya mwenye gari. Gari lenye mkopo kadi yake iko benki, kwa hiyo anzeni kufuatilia mapema sana.
- Bima inayotambulika Kenya, ile ya COMESA ambayo watu huiita Kadi ya Njano. Wakala wako wa bima anaifahamu.
- Kanga mbili au tatu na kikoi kimoja. Nitaeleza kazi yake.
- Soksi safi, na viatu vinavyovulika haraka.
- Kikapu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na sisi mwaka 2019, kwa hiyo rambo zibaki kwenye historia.
- Mtunza fedha mmoja. Mchango wote uingie kwake, na kila matumizi ayaandike kwenye kundi la WhatsApp siku hiyo hiyo. Urafiki mwingi umevunjikia kwenye hesabu ya mafuta.

Muda: siku nne. Mwenye Jumapili moja tu afanye hatua ya pili na ya tatu, kisha arudi nyumbani. Hiyo nayo ni ziara kamili.

Hatua

1. Kaeni kikao cha imani kabla ya kikao cha nauli.

Kundi la Dar huwa na Mwislamu, Mkristo, pengine na rafiki Mhindu anayewaongoza. Zungumzeni wazi nani atafanya nini akiwa ndani. Unaweza kusimama kimya nyuma ya ukumbi, ukaangalia, ukatoka, bila kuinama wala kuunganisha viganja. Hakuna atakayekulazimisha. Ukitaka kuunganisha viganja kifuani kama salamu, ni sawa pia.

Kuna mambo mawili ya kuamua mapema. La kwanza ni alama ya rangi kwenye paji la uso, ambayo pengine utatakiwa kupakwa. Kama hutaki, weka mkono kifuani, tabasamu, tikisa kichwa, yatosha. La pili ni prasadi, yaani chakula kilichotolewa kwanza kwa mungu kisha kikagawiwa watu: kipande cha tunda, njugu, sukari au kitamu cha maziwa. Kwa Mhindu hiyo ni baraka. Kama dini yako haikuruhusu kuila, kataa kwa upole kabla haijawekwa mkononi mwako. Ukishaipokea, usiiache kwenye benchi wala usiitupe kwenye pipa la taka. Mpe mwenzako anayekula. Hili naliweka mbele ya yote kwa sababu ndilo linaloumiza wenyeji kweli, na wao hawasemi.

Kikao hicho hicho kipange vituo vya sala. Ijumaa iwe na msikiti wa njiani unaojulikana, ili mtu asijione anabembeleza gari lisimame.

Wanaume waliokaa na akina dada kwenye kikao wasione haya kwa hili linalofuata: kwa desturi ya mahekalu mengi, mwanamke aliye kwenye hedhi haingii ndani. Hakuna anayeulizwa mlangoni. Lakini kila dada ajue kabla, aamue mwenyewe, na akibaki nje asifanyiwe maswali.

2. Anzeni na Kisutu.

Usivuke mpaka kwenda kujifunza adabu ugenini wakati mtaa wa Kisutu uko mjini kwako. Kuna mahekalu kadhaa yaliyokaribiana katika mtaa huo mmoja, ya jumuiya mbalimbali, na mengine yapo Upanga. Wengi wa wazee wa jumuiya hizi asili yao ni Gujarat na Kutch huko India, na Kiswahili chao ni cha Dar kabisa.

Nenda Jumapili asubuhi. Maduka ya mjini mengi yamefungwa, njia nyeupe. Kwa mwendokasi shuka kituo cha Kisutu utembee kidogo. Kwa gari, kumbuka ada ya maegesho inayodaiwa kwa namba ya gari. Ilipeni, msije mkakuta deni limeota faini.

Ukifika getini, mtu wa kwanza kuzungumza naye ni mlinzi. Msalimie, mwambie nyinyi ni wageni, mnaomba kuona ndani, na muulize arati ya jioni, yaani ibada ya kuzungusha taa, huanza saa ngapi. Anajua ratiba, anajua siku za sherehe, anajua nani wa kuombwa ruhusa ya picha. Vijana wengi wanampita mlinzi kama nguzo, kisha wanashangaa kusimamishwa.

*Angalizo:* si kila jengo la Wahindi katika mitaa hiyo ni hekalu la Kihindu. Jamatkhana ni nyumba ya ibada ya Waismailia, ambao ni Waislamu, na ibada zake ni za Waismailia peke yao. Wajaini wana mahekalu yao na dini yao. Masingasinga wana gurudwara. Wagoa wengi ni Wakatoliki. Kabla ya kuvua viatu, uliza hapa ni wapi.

3. Jifunzeni mwenendo wa ndani hapo hapo Kisutu.

Viatu vyote vinabaki nje au kwenye rafu. Simu zizimwe sauti. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume pia. Aliyekuja na kaptula ndiye anayefungwa kile kikoi, na aliyevaa blauzi ya mikono wazi anajitanda kanga. Ndiyo maana vimo kwenye orodha.

Mbele ya murti kuna mstari au kizuizi ambacho hupita kuhani peke yake. Usikivuke, hata kama hakuna anayekutazama. Usiguse murti wala vyombo vya ibada. Ukizunguka hekalu, zunguka kwa kulia, murti ikiwa upande wa mkono wako wa kulia. Ukikaa chini, kunja miguu, nyayo zisielekee mbele. Kupokea na kutoa ni kwa mkono wa kulia, na hilo sisi wa pwani tumefundishwa tangu utotoni. Kizingiti kirukwe, kisikanyagwe.

Katika mahekalu ya Swaminarayan, mojawapo ya madhehebu ya Kihindu, wanaume na wanawake hukaa sehemu tofauti. Watawa wao, wanaovaa nguo za rangi ya zafarani, wameweka nadhiri ya kutozungumza na wanawake wala kuwagusa. Dada akikwepwa na mtawa asichukulie kuwa amedharauliwa, na asimfuate kumuuliza swali. Swali lake alipeleke kwa akina mama wa hekalu, ambao kwa kawaida hueleza kwa kirefu kuliko watawa. Kuhani katika mahekalu mengine huitwa Maharaj, nawe mwite hivyo. Mzee yeyote wa hekalu, shikamoo yako inafika.

Picha: omba kwanza, na ukiruhusiwa usitumie mwanga wa flashi. Mahekalu mengine huruhusu nje tu.

Sadaka si lazima. Kuna sanduku. Ukitaka kuleta kitu, leta matunda mabichi au maua. Usiyanuse njiani, maua ya ibada hayanuswi kabla ya kutolewa. Usilete chochote chenye yai, wala keki ya dukani usiyojua imetengenezwa na nini.

4. Ondokeni Dar saa kumi na moja alfajiri.

Si kwa ajili ya kuwahi hekalu la Tanga asubuhi, maana hamtawahi. Ni kwa ajili ya kutoka mjini kabla ya foleni na kufika mkiwa na nguvu ya jioni.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni Kimara, Kibaha, Mlandizi, Chalinze, kisha kulia kuelekea Msata. Ya pili ni Tegeta, Bunju, Bagamoyo, halafu barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64 za lami. Mimi nachagua ya Bagamoyo kwa kundi lolote linaloishi Kinondoni, kwa sababu inawaepusha na malori ya bara yanayojaza njia ya Chalinze. Anayetoka Ubungo au Mbezi apite Kibaha tu.

Kutoka Msata mnavuka Mto Wami kwenye daraja jipya, mnapita Mkata, Segera, kisha mnakata kulia kwenda Muheza na Tanga. Jumla ni kama kilomita 350.

*Angalizo la mwendo:* vijiji ni vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50. Trafiki wana tochi, na kibao cha kumaliza 50 huwa mbali kuliko unavyodhani. Lakini fikiria zaidi watoto wanaotoka shule kuliko faini. Usiku msiendeshe. Kuna malori yaliyoharibika barabarani bila taa, nyuma yamewekewa majani tu.

5. Kuleni kwa akili njiani.

Hakuna sheria ya kukukataza nyama choma njiani. Lakini mkielekea hekaluni jioni, ni adabu kubwa kuingia bila harufu ya nyama, sigara wala pombe. Siku za hekalu kundi letu hula bila nyama tangu asubuhi, na si shida: chapati na maharage, wali na mchicha, mihogo, mahindi ya kuchoma, ndizi. Muheza mtanunua machungwa, na hapo ndipo pa kujaza kikapu. Machungwa ya Muheza ni zawadi nzuri kwa hekalu lolote mtakalofikia.

Wajaini huenda mbali zaidi. Wanaoshika sana hawali vitunguu, viazi wala chochote cha mizizi. Kwa hiyo mkialikwa chai nyumbani kwa Mjaini, msitoe kwenye mfuko mihogo yenu ya kukaanga mkaanza kugawana sebuleni.

6. Tanga: fikeni mchana, pumzikeni, ingieni jioni.

Mtafika kati ya saa tano na saa saba. Tafuteni nyumba ya wageni katikati ya mji, ogeni, laleni kidogo. Saa kumi na nusu tokeni kwa miguu. Jumuiya ya Kihindu ya Tanga imepungua sana kulinganisha na enzi za mkonge, na kwa sababu hiyo mgeni anaonekana haraka na kupokelewa kwa karibu. Ulizeni wenye maduka ya zamani mjini hekalu lipi litakuwa na arati jioni hiyo.

Arati ndiyo kiini cha safari yote. Huanza karibu na machweo. Kengele zinalia, taa za samli zinazungushwa mbele ya murti, watu wanaimba kwa kupokezana na kupiga makofi. Mwishoni taa inapitishwa kwa waumini, kila mmoja anapitisha viganja juu ya moto na kuvipeleka usoni. Simameni mpaka iishe. Kutoka katikati ya arati ni kama kuondoka msibani wakati wa dua, hata kama miguu imechoka.

7. Vukeni Horohoro asubuhi ya siku ya pili.

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni mwendo wa saa moja hivi. Upande wa Kenya panaitwa Lunga Lunga. Ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika kwenye kituo cha pamoja. Watu wapite Uhamiaji, dereva aende forodha na kadi ya gari, idhini na bima ili gari lipate kibali cha muda. Kisomeni kibali hicho tarehe kwa tarehe kabla ya kuondoka dirishani.

*Angalizo:* vijana watawafuata wakisema watawasaidia na makaratasi. Ingieni ofisini wenyewe, waulizeni maofisa waliovaa sare. Fedha badilisheni kwenye duka lenye leseni, si dirishani mwa gari.

8. Mombasa: hesabuni kivuko.

Kutoka Lunga Lunga mnapita Ukunda hadi Likoni, kisha feri. Feri ya Likoni jioni inaweza kula saa nzima. Barabara ya Dongo Kundu inawapitisha pembeni bila feri, ila ni mzunguko mrefu kidogo kwa anayekwenda kisiwani. Mkifika Likoni kabla ya saa tisa, pandeni feri. Mkichelewa, zungukeni Dongo Kundu.

Jioni hiyo nendeni hekalu la Swaminarayan lililoko Barabara ya Haile Selassie, karibu na stesheni ya zamani ya reli. Kesho yake asubuhi, kabla ya saa nne, nendeni hekalu la Kijaini la mtaa wa Langoni, Mji wa Kale, lililojengwa mwaka 1963. Si la Kihindu, nimeshasema, lakini ukifika Mombasa usiliache. Mawe yake meupe yaliyochongwa peke yake yanastahili safari. Hapo mikanda, pochi na kila kitu cha ngozi kibaki kwenye gari, kwa sababu Wajaini hawataki kitu kilichotokana na kuua mnyama kiingie ndani.

Mwenye hamu ya kwenda mbele zaidi, Nairobi kuna hekalu la Swaminarayan lililozinduliwa mwaka 1999, la mawe na mbao zilizochongwa kwa mikono. Hiyo iwe safari nyingine. Msiibandike juu ya hii.

9. Rudini kwa awamu.

Tokeni Mombasa siku ya tatu kabla ya saa sita mchana, laleni Tanga, ingieni Dar siku ya nne mchana. Wanaojaribu Mombasa hadi Dar kwa siku moja huishia kuendesha usiku kuanzia Segera.

Mambo yakikwama

*Mlango umefungwa.* Msigonge. Muulizeni mlinzi saa ya kufunguliwa, mwachieni matunda kama yameiva sana, mrudi. Kama ni saa nane mchana, jibu mnalijua tayari.

*Mmefika siku ya sherehe na watu wamejaa.* Navaratri ina usiku tisa wa ngoma, na Diwali huangukia Oktoba au Novemba. Mkipenda umati, ni wakati mzuri mno. Mkitaka kuelezwa mambo kwa utulivu, rudini baada ya siku chache. Siku inayofuata Diwali mahekalu mengi hupanga vyakula vingi mbele ya murti, na wageni hukaribishwa kuona.

*Mmoja wenu amezuiwa kwa mavazi.* Kanga. Asibishane.

*Mmoja amecheka au amepiga picha pasiporuhusiwa na mzee amekasirika.* Kiongozi wa kundi amwendee mwenyewe, aombe radhi kwa Kiswahili cha heshima, picha ifutwe mbele yake. Kisha kundi zima litoke kwa siku hiyo.

*Mvua.* Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Jangwani ikifurika, barabara ya Morogoro hufungwa mjini na mwendokasi husimama. Ziara ya Kisutu iahirisheni, au ingieni kwa upande wa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi.

*Gari limeharibika kati ya Msata na Mkata.* Litoeni nje ya lami, pembetatu ziwekwe mbali mbele na nyuma, abiria wote washuke wakae upande wa majani. Mtu mmoja apande basi hadi Mkata au Segera kutafuta fundi, wengine wasitawanyike.

*Forodha wanasema karatasi moja inakosekana.* Ulizeni ni ipi kwa jina na mliandike. Nyingi zinaweza kutumwa kwa simu na mwenye gari. Kama ni kadi halisi ndiyo haipo, gari liegesheni Tanga, pandeni basi la Mombasa, na saa zenu za hekalu zibaki zilezile.